Zimebaki Kumi na Mbili

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Saa nane wanakuja."

Dada yake fundi alikuwa amepanda ghorofa mbili bila kupumzika, na maneno yalimtoka pamoja na pumzi. Mkononi alishika kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha bitana. Alikiweka mezani, juu ya karatasi nyeupe ambayo fundi hutandaza kila asubuhi ili skrubu zisimpotee.

"Nani wanakuja?"

"Mpimaji wa ardhi na kamati ya mtaa. Saa nane kamili watakuwa kiwanjani. Jirani keshaleta matofali, ameyapanga mpaka karibu na jiko langu. Ukifungua dirisha unayagusa."

Fundi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo. Alivuta kiti, akamwonyesha dada yake akae, kisha akaanza kuifungua ile bitana taratibu, kona moja baada ya nyingine, mpaka kamera ikatokeza. Watu wa mtaani walimwita Polepole, na wengi wao hawakujua jina lake jingine. Alikuwa fundi wa kamera za filamu, zile za betri na mota, ambazo mafundi wengine walikwisha kuacha kuzigusa. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua, kuchora alichokiona, na kufunga tena.

Habari ya kiwanja aliijua. Wiki iliyopita greda la jirani lilisawazisha uwanja upande wa pili, na lilipoondoka, jiwe la mpaka halikuwapo tena. Jirani alisema jiwe lilikuwa kati ya jiko na bomba la maji. Dada alisema lilikuwa ng'ambo ya bomba, upande wa jirani. Umbali wenyewe haukufika hatua sita, lakini mpaka ulipita mshazari, na hatua hizo zingetosha kumeza nusu ya jiko na chumba kizima cha cherehani. Kama jirani alisema kweli, vyote hivyo vingebomolewa, na dada, ambaye alishona nguo za watu tangu mumewe afariki, asingekuwa na pa kuweka mashine.

"Humu ndani liko hilo jiwe," alisema dada, akiigusa kamera kwa kidole. "Nilimpiga Chiriku picha amelikalia, siku ile nimemmalizia sare ya shule. Halafu kamera ikagoma. Nikaitupa kabatini, nikaisahau. Jana usiku ndiyo imenijia kichwani, nikaruka kitandani kama nimeumwa na siafu."

Chiriku alikuwa mjukuu wake, mtoto wa miaka saba aliyepewa jina hilo kwa sababu hanyamazi.

"Picha ya simu huna?"

"Sina. Na hata ningekuwa nayo, kamati hawazitaki. Wanasema siku hizi kwenye simu mtu anaweza kumpandisha twiga darini. Wanataka kitu kisichochezewa."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Filamu iliyomo alimpa yeye mwenyewe, nyeusi na nyeupe, na aliweza kuiosha hapohapo chumbani. Kwa hiyo hilo halikumpa shida. Alilifungua daftari lake.

"Ulikuwa umepiga ngapi ilipokwama?"

"Zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Nakumbuka vizuri, maana nilisema hizo kumi na mbili nitazimalizia likizo."

Aliandika: *Filamu ya 36. Zimebaki 12. Imekwama baada ya mtoto juu ya jiwe.* Alivyoambiwa ndivyo alivyoandika. Hakujiuliza dada yake alizijuaje hizo kumi na mbili.

"Na wewe unalikumbuka jiwe," dada akasema. Hakuuliza, alisema tu.

"Nakumbuka lilikuwa karibu na bomba."

"Upande gani?"

Fundi aliigeuza kamera, akaipuliza vumbi. "Sijui, dada. Nikifumba macho naliona upande huu, nikifumba tena naliona ule."

"Umekulia pale."

"Ndiyo. Lakini sijui."

Dada aligeuza uso dirishani.

Kamera ilikuwa ya kiotomatiki kabisa, haina hata kipini cha kuvutia filamu. Kila kitu kilifanywa na mota. Kioo kidogo cha kuonyesha namba kilikuwa kimevuja na kuwa cheusi tii. Fundi alitia betri mpya, akabonyeza. Mota ilitoa sauti ya mbu ndani ya chupa, ikakatika. Akabonyeza tena. Kimya.

Alitoa skrubu sita za ganda, akazipanga juu ya karatasi kwa mpangilio uleule wa matundu yake. Kabla ya kuingiza kidole ndani, alichukua balbu ndogo yenye nyaya mbili, akazigusisha kwenye miguu ya kapasita, kidude kinachohifadhi umeme wa flashi. Balbu ikawaka mara moja, ikazimika.

"Nini hicho?" dada aliruka.

"Umeme wa taa. Unaweza kulala humo muda mrefu ukimsubiri mtu."

Kasoro ilikuwa dhahiri: gia ya plastiki, ndogo kuliko punje ya mchele, ilikuwa imepasuka na kuzunguka bure kwenye ekseli. Gia ya namna ile hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, kuifunga kungemla siku nzima. Alikata shauri kuitoa filamu kwa mkono. Ilikuwa saa nne na nusu.

Aliiweka kamera ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, pamoja na mkasi, tangi la kuoshea filamu na kopo tupu. Akafunga zipu mbili, akaingiza mikono kwenye mikono ya mfuko ile yenye mpira, hadi viwikoni. Kuanzia hapo hakuwa na macho tena, alikuwa na vidole tu. Asingeweza hata kujikuna pua mpaka kazi iishe.

Alifungua mgongo wa kamera. Kidole gumba kilikwenda kwenye spuli, upande ambako filamu huenda ikishapigwa. Akapapasa. Filamu iliyokuwa pale ilikuwa nyembamba, mizunguko michache tu.

"Dada, una hakika ulipiga ishirini na zaidi?"

"Nina hakika. Kwa nini?"

"Naona kama kumi na mbili, kumi na tatu hivi."

"Basi hesabu yako imelala."

Hakubishana naye. Watu huzidisha idadi ya picha walizopiga, alikwisha kuliona hilo mara nyingi. Kilichomtia wasiwasi ni kingine. Dawa yake ya kuoshea filamu alikuwa ameichanganya wiki tatu nyuma, na dawa iliyochoka haitoi taarifa. Inakupa filamu tupu na hakuna kurudi. Alikuwa na njia yake ya kujikinga, aliyojizoesha miaka mingi: ukikata kipande cha filamu isiyotumika na kukitumbukiza kwenye dawa mchana kweupe, kikigeuka cheusi, dawa ni nzima. Na filamu isiyotumika ilikuwapo, ndani ya kasha la bati ambamo filamu huja imeviringishwa, yote ile ambayo dada hakuifikia.

Basi, gizani mle, akakata filamu mdomoni mwa kasha. Sehemu iliyokuwa nje ya kasha aliiviringisha kwenye spuli ya tangi. Jasho lilikuwa limelowesha viganja, filamu ikawa inanata, na mara mbili ilichomoka kwenye mfereji wake ikabidi aanze upya. Simu ya dada ililia. Alisikia akisema, "Niko kwa fundi. Waambie saa nane si saa saba. Saa nane!" Alipofunga kifuniko cha tangi na kuchomoa mikono, ilikuwa imechorwa alama nyekundu za mpira, na saa ilisema saa tano.

Kasha alilitoa nje kama mtu anayetoa ganda la ndizi. Alivuta filamu kidogo, akakata urefu wa kidole cha kati, akakitupa kipande kwenye kikombe cha dawa. Kabla dakika haijaisha kilikuwa cheusi kama masizi.

"Dawa nzima," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitabasamu.

Akamimina dawa kwenye tangi. Dakika tisa, akiligeuza kila nusu dakika. Maji. Dawa ya pili, ya kuikinga filamu na mwanga, dakika tano. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumpumulia shingoni.

Alifungua tangi, akavuta filamu, akaiinua dirishani.

Ilikuwa safi. Ilipitisha mwanga kama maji ya mvua, na pembeni namba zake zilisomeka vizuri: moja, mbili, tatu. Hakuna kitu. Nne, tano, sita. Hakuna.

"Iko wapi?" dada aliuliza kwa sauti ndogo. "Mbona sioni kitu?"

Kwa kuwa namba zilionekana, dawa haikuwa na kosa; filamu yenyewe haikupigwa. Aliendelea kuivuta, saba, nane, mpaka kumi na mbili, na pale mwishoni kabisa, kwenye kumi na tatu, karibu na alipokata, kulikuwa na picha moja. Mtoto anakimbia, mgongo kwa kamera, sketi imepepea. Jiwe halikuwamo.

Picha hiyo ilikuwa mwisho usio wake. Kwenye kamera zote alizozizoea, picha ya kwanza hukaa mwanzo wa filamu, na zinazobaki hubaki ndani ya kasha. Hii ilikuwa kinyume. Halafu lile neno la dada likamrudia, kumi na mbili, namba iliyokuwa ikipungua kwenye kioo kila anapobonyeza, badala ya kuongezeka kama kwenye kamera nyingine. Kulikuwa na kamera chache za namna hiyo. Aliwahi kusimuliwa, hakuwahi kuifungua hata moja. Ukiitia filamu, mota huitoa yote nje ya kasha kwanza, na kila picha unayopiga huirudisha ndani, moja moja. Filamu tupu ndiyo hukaa nje. Picha zote huwa ndani ya kasha.

Kasha lilikuwa mezani, juani, kando ya kikombe.

Alilifunika kwa kiganja kana kwamba anaua nzi. Akalitumbukiza kwenye kopo jeusi, akalifunga.

"Dada, kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Dada akakaa.

"Nimekosea," fundi alisema. "Picha zako hazikuwa kwenye hii. Zilikuwa kwenye ile niliyoidhania tupu. Nimeikata, na kipande nimekitoa kwenye mwanga."

Alimweleza yote, polepole, bila kujitetea. Dada alisikiliza akimtazama mdomo. Fundi alipomaliza, dada aliuliza, "Huyu anayekimbia, ni baada ya jiwe au kabla?"

"Hilo ndilo nataka wewe uniambie."

"Baada. Alishuka akakimbia, nikampiga hivyohivyo. Ya jiwe ni kabla ya hii." Akanyamaza. "Kwa hiyo ya jiwe ndiyo iliyofuata. Ndiyo uliyoikata."

"Inaweza kuwa."

"Polepole wewe!" alisema dada, na jina la mitaani, ambalo hakuwahi kumwita, lilitoka kama kofi. "Mtu mwenye kusoma chai kabla ya kuinywa. Leo ndiyo umeona uharakishe?"

Lakini fundi hakuwa ameharakisha. Kama angeharakisha, asingejaribu dawa, na kasha lingekuwa salama. Hilo lilikuwa linamuuma peke yake.

Alikitoa kile kipande cheusi kwenye kikombe, akakilaza juu ya karatasi. Picha moja huchukua matundu manane ya pembeni. Alihesabu kwa ncha ya kibanio: kumi na saba. Picha mbili na tundu moja.

"Mbili zimeungua," alisema. "Ya tatu inaweza kuwa imeguswa na mwanga ukingoni. Kuanzia hapo kwenda ndani, ziko salama. Sasa kumbuka. Akiwa juu ya jiwe ulimpiga mara ngapi?"

"Sijui."

"Usiseme sijui kwanza. Rudi kwenye siku ile. Ulisimama wapi?"

Dada alifumba macho. "Mlango wa uani. Nikamwambia akae wima. Nikapiga. Akafumba macho, maana ile taa inamuuma. Nikamwambia tena. Akafumba tena." Alifumbua macho. "Nilimpiga mpaka alipofungua."

"Mara mbili? Tatu?"

"Mpaka alipofungua, mdogo wangu. Sikuhesabu."

Mikono ikarudi kwenye mfuko mweusi, kasha likiwa ndani. Safari hii vidole vilikuwa vizito, na kila alipoikuta filamu alikuwa akijiuliza ameikuta upande gani. Nyuma yake maji yalikuwa yakidondoka kwenye beseni.

Dawa. Dakika tisa. Alimpa dada saa aishike, ili mikono yake ipate kazi. Katika dakika ya sita wazo lilimjia: huenda jiwe litaonekana, na litaonekana upande aliousema jirani. Dada hakuwa mtu wa uongo, lakini mtu anayeogopa kupoteza nyumba hukumbuka anachokihitaji. Na yeye fundi angekuwa ndiye aliyelitoa hilo gizani kwa mikono yake. Aligeuza tangi. Nusu dakika. Akaligeuza tena.

"Tisa," dada alisema.

Saa saba kasorobo aliivuta filamu nje. Ukingo wa mwanzo ulikuwa mweusi tii, kisha weusi ukapungua kama moshi unaotawanyika, na ndani ya moshi huo, kwenye namba kumi na sita, kulikuwa na mtoto ameketi. Alichukua kioo cha kukuzia, akakisogeza jichoni.

Kwenye filamu mambo yote huwa kinyume, cheupe huwa cheusi. Uso wa mtoto ulikuwa mweupe na mistari miwili ya macho yaliyofumbwa. Chini yake kulikuwa na kitu cha pembe nne, kimekolea, kwa kuwa jiwe lilipakwa chokaa. Kushoto, ukuta wa jiko na matofali yake ya matundu. Fundi alikwenda na jicho taratibu kutoka ukutani. Jiko. Nafasi. Zege la bomba, na bomba lenyewe limesimama kama kidole. Kisha jiwe.

Alirudia, kutoka upande wa pili. Jiwe, bomba, jiko.

"Sema basi," dada alinong'ona.

"Ng'ambo ya bomba," alisema. "Hatua moja ng'ambo ya zege."

Dada hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa ile bitana, mabega yakatikisika, kisha akajifuta akasema, "Inakauka kwa muda gani?"

*

Walifika saa nane na dakika tano. Wanakamati watatu walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, na mpimaji, mwanamke mrefu mwenye viatu vya matope, alikuwa akipiga hodi kwa mara ya pili. Jirani alikuwa amekalia matofali yake.

Fundi alitandaza karatasi nyeupe juu ya meza ya kukatia nguo, akalaza vipande vitatu vya filamu kwa mfuatano: kile chenye picha moja mwishoni, kile cheusi, na kile kirefu. Mpimaji aliinama na kioo cha kukuzia. Alikaa hapo muda mrefu.

"Filamu imekatwa," jirani alisema. "Mimi si mtaalamu, lakini nina macho. Imekatwa, katikati imechomwa, na aliyekata ni mdogo wake. Ni haki hiyo?"

Watu wote wakamgeukia fundi. Hakuzoea kusema mbele ya watu; hata kwenye harusi yake alisemewa na mjomba.

"Ni kweli nimekata mimi," alisema. "Niliidhani sehemu hii ni tupu, nikaitumia kujaribu dawa. Ilikuwa na picha mbili."

"Picha za nini?" mpimaji aliuliza, bila kuinua kichwa.

Dada alifungua mdomo. Fundi alijua anachotaka kusema: za jiwe, tena wazi zaidi, na macho ya mtoto yamefunguka. Huenda ndivyo ilivyokuwa.

"Sijui," alisema fundi. "Niliziunguza kabla sijaziona. Siwezi kukuapia."

Mpimaji aliinua kichwa akamtazama, mara hii yeye, si filamu. Kisha alisogeza kipande cheusi kwa ukucha mpaka ncha zake zikagusana na za vipande vingine. Mkato wa gizani ulikuwa umepinda kama mguu wa mbuzi, na upindo wa upande mmoja ulilala ndani ya upindo wa pili bila nafasi. Akahesabu matundu mwenyewe, midomo ikicheza.

"Haikupungua kitu," alisema. "Twende nje."

Walisimama mlango wa uani, pale aliposimama dada siku ile. Mpimaji aliishika filamu angani kwa ncha za vidole, akafumba jicho moja, akamwelekeza mwanakamati mmoja asogee: kulia, kulia tena, rudi nusu hatua. Alipomwambia asimame, yule bwana alikuwa hatua moja ng'ambo ya zege la bomba, karibu na lundo la matofali.

"Chimba hapo."

Juu palikuwa pamesawazishwa na greda, pagumu kama kwingine. Mwanakamati alipiga jembe mara tatu, mara nne. Dada alimshika fundi mkono, juu kidogo ya kiwiko, penye alama za mpira. Pigo la saba lilitoa mlio wa kitu kigumu. Wakafukua kwa mikono. Lilikuwa zege la zamani, la pembe nne, na katikati yake kisiki cha jiwe lililovunjika, bado lina chokaa upande mmoja.

Jirani alisimama, akaja akachungulia shimoni.

"Dereva wa greda hakuniambia kitu," alisema. "Mimi nililikuta halipo. Nikakadiria."

Dada alicheka kwa pua. Fundi alimtazama jirani, vumbi la matofali magotini, na hakuweza kujua kama anasema kweli. Yeye mwenyewe alikuwa amekadiria asubuhi hiyohiyo.

Mpimaji alifunga tepu, akaandika vipimo, akawaita wote watie saini. Kwa fundi alitoa karatasi ya peke yake.

"Andika wewe ndiye uliyekata, ulikata nini, na kwa nini. Itakaa kwenye faili pamoja na filamu."

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaandika kwa herufi zake ndogo: jina, tarehe, saa, vipande vitatu, matundu kumi na saba, picha mbili zilizoungua ambazo hakuna aliyeziona. Alipofika kwenye sababu, kalamu ilisimama. Nje walikuwa wameanza kuhamisha matofali, na aliyasikia yakigongana moja moja.

Aliandika: *Aliyepiga picha aliniambia zimebaki kumi na mbili. Sikumuuliza alizijuaje.*

Akamkabidhi mpimaji. Naye akaisoma mpaka chini, akaikunja, akaitia kwenye faili.